Nyuzi Ndani ya Jembe

Hadi leo nikifumba macho naiona karakana ya baba pale Karurumo: ukungu wa asubuhi ukiingia mlangoni bila hodi, makaa yakipumua mekundu, na baba akionekana na kupotea humo ndani. Alifua majembe kutokana na vyuma vya magari mabovu. Mengine yalidumu. Mengine yalipasuka yangali mapya, ufa ukifuata urefu wa chuma kama kuni inayochanwa.

"Ni mzee," baba alikuwa akisema, basi.

Mzee ni babu, mhunzi wa Siakago. Baba alipobatizwa alikataa pombe ya asali imwagwe juu ya fuawe, lile chuma la kufulia, kama ilivyokuwa desturi ya wahunzi. Babu alitumbukiza chuma cha moto majini kikalia, akatamka kwamba atakachofua mwanawe kipasuke. Kwetu laana ya mhunzi haifanyiwi mzaha. Radhi ni bora kuliko mali, na baba hakuwa na radhi wala mali. Aliomba kila Jumapili, na bado alipogonga jembe alilisikiliza kwa hofu. Ilinikera, nami nikikereka hunena. Siku moja nilimwambia laana ya kweli ingepasua majembe yote. Alininyima chai.

Nikasomea vyuma, nikaajiriwa kufundisha chuo cha ufundi mjini Embu. Likizo moja nilichukua jembe lililopasuka, nikalikata vipande viwili. Kimoja nilikiacha kilivyo. Kingine nilikiweka kutwa nzima ndani ya tanuri la umeme, kwenye joto kali lisilofika kukiyeyusha. Nikaving'arisha vyote viwili, nikamleta baba avitazame. Alikuja na koti lake la kanisani.

Alichungulia kipande cha kwanza kwenye hadubini. "Naona nyuzi, mama," alisema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mamake. "Nyeusi, ndefu."

"Ni uchafu uliobaki chuma kilipopikwa kiwandani. Kikibanwa na mashine kiwe bapa, nao unavutika. Ufa ukipata uzi umepata njia."

Kwenye kipande cha pili aliinama zaidi, akakaza jicho. Nilijua anachokiona, maana nami hupotea humo hadi nisahau niko wapi: uwanda mweupe usio na upepo, na juu yake vitone vyeusi vya mviringo, kama punje za wimbi zilizomwagika kwenye ungo.

"Nyuzi zimeenda wapi?"

"Hazijaenda, baba. Uchafu ni uleule. Moto umezikatakata, zikajikunja zikawa shanga. Ufa hauna tena pa kufuata."

"Na vyuma vya watu wengine?"

"Vina uchafu pia."

"Hata vya waliobarikiwa?"

"Hata jembe la askofu, baba."

Nilicheka, nikangoja naye acheke. Furaha ilinijaa kifuani, kwani siku hiyo niliitamani tangu utotoni. Baba alivua kofia, akakaa kwenye kiti kirefu cha wanafunzi.

"Walikuja kuniita mzee akiwa anakata roho," alisema. "Nikawajibu, mtu aliyeiharibu mikono yangu nimwendee kwa lipi?"

Aliitazama ile mikono, akaigeuza.

"Hata kumzika sikwenda, mama. Kwa sababu ya uchafu wa kiwandani."