Ua Lililokataa Kugeuka

Juzi, nikiwa mlangoni kwangu ambako huwa sibanduki, niliona ua la alizeti la jirani limenipa mgongo, nikamkumbuka Sista Mhispania aliyemtibu bibi macho kule kijijini Nyanungu nilipokuwa mtoto. Alituambia kwao alizeti huitwa girasol, yaani geuka-jua, kwa kuwa hulifuata jua. Akaahidi pia kwamba bibi akifunguliwa kitambaa cha macho jioni hiyo ataona. Nilishuku yote mawili.

Alasiri hiyo nzima nilichuchumaa shambani mbele ya nyumba, harufu ya samadi puani, nikilipeleleza ua kubwa kuliko yote. Halikugeuka. Sikujua kwamba likikomaa huacha.

“Bibi, Sista ni mwongo!” nilipiga kelele.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni, kitambaa kiko mkononi.

“Mwongo nani? Hebu toa mguu kwenye maharage yangu!”