Muuaji Aliyeshikwa na Mtafsiri

Juzi nilipita Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, nikaingia kwenye kibanda cha kuchajia simu. Mwenye kibanda huwaonyesha wateja filamu ili wasichoke kungoja. Ilikuwa filamu ya mauaji, na juu yake sauti ya mtafsiri anayesimulia kila kitu kwa Kiswahili cha mtaani. Mwishoni muuaji alipanda gari akaenda zake, kama picha yenyewe ilivyoonyesha. Lakini mtafsiri akapaza sauti: "Hafiki mbali! Polisi wako hapo mbele, wamemshika!"

Wachimba dhahabu wakaangua kicheko.

"Huyu muongo! Polisi gani? Mafuta ya gari walitoa wapi?"

"Mwisho wa hadithi lazima ufanane na maisha," nikachangia, kama mjuzi.

Mama mmoja pale konani hakucheka. Alikaza leso yake kiunoni, akamwambia mwenye kibanda, "Omera, ndugu yangu, rudisha hapo mwisho."

Aliyeketi kando yangu akaninong'oneza kwamba mume wa mama huyo aliokotwa shimoni papa hapa machimboni akiwa amepasuliwa kichwa, na mpaka leo hakuna aliyeshikwa.

Filamu ikarudishwa. Muuaji akaenda zake, mtafsiri akamshika.

"Rudisha tena."

Mara hii kicheko hakikutoka. Ni rahisi kudai mwisho wa kweli kama hujauliwa mtu wako. Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Ni kwamba kibanda kizima tulikodolea skrini macho, na hakuna aliyethubutu kumtazama aliyeketi kando yake.