Sharbati ya Bendera

Watu wa Garissa husahau kwa makusudi. Uliza leo ni nani aliyetengeneza sharbati ya tabaka kwenye harusi za mji huu, watakutajia wapishi wa juzijuzi. Hakuna atakayemtaja Hawo Kulow. Mimi Arbia nitamtaja, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Hawo alikuwa dada ya baba yangu, nami nilimwita eddo, kama Wasomali tunavyomwita shangazi. Alinilea mama alipofariki, mimi pamoja na mwanawe wa pekee, Kerrow. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kilichotulisha ni mikono yake na matunda ya mashamba ya mtoni: maembe, mapapai, matikiti, ukwaju.

Kazi yenyewe ni ya sukari. Juisi yenye sukari nyingi ni nzito, hukaa chini. Yenye sukari kidogo hukaa katikati. Isiyo na sukari huelea juu. Unaimimina polepole juu ya mgongo wa kijiko, usipumue, usikohoe, rangi zisije zikachanganyika. Chini aliweka ukwaju uliopikwa na tende, mweusi tii, kati embe, juu tikiti. Bibi harusi alipopewa gilasi yake ya kwanza wanawake walipiga vigelegele, kisha kila mtu akakoroga na kunywa. Ndivyo ilivyonywewa, kwa kukorogwa. Ukiionja juu juu bila kukoroga utamwona mpishi hajui kazi.

Kisha vita vikaja, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na harusi zikaisha. Nani ataoa na kuna kafyu? Watu wakikusanyika, askari anauliza mnapanga nini. Wale waliokuwa msituni na bunduki, walioitwa shifta, walituletea balaa, na wale waliokuja kuwatafuta wakatumalizia. Sisi wa katikati tulipigwa na pande zote mbili, na mpaka leo hakuna aliyesema pole.

Kerrow aliondoka kwenda Sangailu kuangalia mbuzi wetu waliokuwa kwa jamaa. Akakamatwa na askari njiani. Wakasema ni shifta. Shifta! Kijana aliyekuwa akisikia fisi analia anamwamsha mama yake! Wakamtia ndani ya boma la seng'enge nje ya mji, pamoja na wanaume wengine, juani. Eddo alikwenda kila asubuhi na chakula, na kila asubuhi askari wa mlangoni alimrudisha nacho.

Hapo ndipo alipoweka nadhiri. Atafunga kila siku, mchana kutwa, mpaka Kerrow avuke kizingiti cha nyumba yake. Nilimwambia, "Eddo, utakufa na joto hili." Akanijibu, "Mola wangu ananijua. Nikishika ahadi yangu, naye hatamwacha mwanangu apotee." Alikonda mpaka bangili zikawa zinamvuka mkononi.

Mwezi wa Desemba akaja Godana, karani wa ofisi ya mkuu wa wilaya, yule aliyeitwa mkubwa. Godana alikuwa Mborana wa upande wa Wajir. Yeye na eddo walizungumza Kiswahili, maana lugha zao hazikukutana.

"Mama Kerrow," akasema, "mkubwa anafanya sherehe ya Jamhuri. Amesikia habari za sharbati yako. Anataka ya bendera. Nyeusi juu, nyekundu kati, kijani chini. Ile mistari myeupe tuiache, itatushinda."

"Na mwanangu?"

"Mkubwa akifurahi, kijana anatoka. Nitamwambia mimi mwenyewe."

Eddo hakuuliza la pili. Laiti angeuliza! Lakini mama aliyezuiliwa mlangoni siku zote hizo, ukimwonyesha ufa ataingia.

Sukari ililetwa, barafu ikatoka kambini kwa askari. Kijani kilikuwa malimau na rangi ya dukani, na sukari mpaka kijiko kikawa kizito. Nyekundu ilikuwa tikiti. Shida ilikuwa nyeusi. Ukwaju wake siku zote ulikaa chini, na sasa ulitakiwa juu, tena uwe mweusi. Akauchemsha kwenye sufuria ya chuma mpaka ukaiva rangi, akauchuja ukawa mwepesi kama chai, na hakutia sukari hata punje. Angetia, ungezama na bendera ingeharibika. Niliulamba nikakunja uso. Ulikuwa mchungu, na una ladha ya chuma.

Eddo akamwambia Godana, "Waambie wakoroge kwanza, ndipo wanywe."

Godana akatoa macho. "Bendera ya taifa ikorogwe? Unataka tufungwe sote?"

Basi sherehe ikafanyika uani kwa mkubwa, jua la alasiri bado kali. Nilibeba sinia mimi. Wallahi, sijaona kitu kizuri kama zile gilasi zilivyopangwa mezani. Maofisa walisimama wakazishangaa, wake zao wakapiga makofi. Mkubwa akainua yake juu, akataja uhuru, akapiga funda.

Akatema. Akatema mbele ya watu, kwenye mashati meupe ya wageni. Gilasi zote zikarudi mezani kwa mpigo, na askari mmoja akapiga kelele, "Sumu! Huyu mama wa shifta ametuwekea sumu!" Eddo alishikwa mikono nyuma kabla sijaweka sinia chini.

"Si sumu," eddo akasema. "Ni ukwaju. Koroga."

"Anywe yeye," mkubwa akasema.

"Mimi nafunga."

Mkubwa akacheka. Alijua mawili matatu kuhusu sisi, yale ya kumtosha kujiona anatujua. "Unafunga nini? Ramadhani haijafika. Mwezi wenu haujaandama. Kama haina kitu, kunywa."

Nilimwona eddo akimtazama Godana, na Godana akitazama viatu vyake. Akikataa, ni sumu, na mama aliyetia sumu hapewi mtoto. Akinywa, ameivunja nadhiri yake mwenyewe mbele ya Mola. Ningekuwa mimi ningemmwagia mkubwa usoni, lakini sikuwa na mtoto ndani ya seng'enge. Eddo akasema bismillahi akanywa, nyeusi, nyekundu, kijani, hakubakisha. Machozi yalimtoka akiwa anameza.

Hakuanguka. Watu wakacheka, mkubwa akaomba kijiko, wakakoroga wote, wakanywa, wakasifu. Mke wa ofisa mmoja alitaka kujua vipimo. Sisi tukaenda kusimama karibu na seng'enge kumngoja Kerrow mpaka wakati wa kafyu ukatufukuza.

Godana akasema tusubiri. Tukasubiri. Alipokuja tena hakuingia ndani, alisema akiwa nje kwamba kijana amefariki kwa homa, na ameshazikwa.

Eddo hakumlaumu Godana wala mkubwa. Alijilaumu yeye. Alisema alimwahidi Mungu kisha akanywa, na mwanawe akachukuliwa kwa funda lile. Akatoa kafara, akafunga tena, akawa anaamka kila alfajiri kuomba toba kwa sauti ya chini, mimi namsikia ng'ambo ya pazia. Nilimwambia mara ngapi kwamba aliyemuua Kerrow ni wao? Hakutaka kusikia. Nilikasirika hata nikawa sizungumzi naye siku nyingine.

Vita vilipokwisha, wanaume waliobaki wakaachiwa. Mmoja wao, Rage, jirani yetu, akaja kutoa pole. Meno ya mbele hakuwa nayo. Akanywa chai, akasema, "Kerrow nilimzika mimi. Nilichimba kwa mikono hii. Siku ya pili yake tulisikia bendi na makofi kutoka kwa mkubwa, tukaambiwa ni Jamhuri."

Nikamshika eddo bega. "Umesikia? Alikuwa ameshakufa! Ulipokunywa alikuwa ameshazikwa! Hukumuua wewe, eddo, hukuvunja kitu!"

Nilidhani nimemtua mzigo. Alimtazama Rage, kisha akanigeukia mimi.

"Mngeniacha na kosa langu," akasema. "Kosa langu nililiombea toba. Hili lao nalipeleka wapi?"

Tangu siku ile hakuamka tena alfajiri kuomba toba.