Somo la Kuchemsha Maji

Miaka ya mwanzo ya uhuru nilikuwa nikitoka Mahabibo, mjini, kila Jumatatu na Alhamisi kwenda kwa boti kijiji cha Boanamary kufundisha wanawake kusoma. Darasa lilikuwa banda la kukaushia kamba, na harufu yake haikunitoka nguoni hata nifue vipi. Hodari wa darasa alikuwa mama mmoja wa rika langu, msuka mikeka, aliyekuja na mwanawe mgongoni.

Alhamisi moja mtoto yule alikuwa anahara. Macho yalikuwa yameingia ndani na kilio kimekuwa chembamba. Siku hiyo hiyo niliandika ubaoni, kwa Kimalagasi, kama tulivyoagizwa na serikali: Chemsha maji, mtoto awe mzima. Nikaeleza mpaka koo likanikauka. Kisha nikamgeukia mama.

"Kesho mapema panda boti, umpeleke hospitali mjini."

"Ndiyo, dada."

Na wenzake wote wakaitikia ndiyo. Sikuipenda ndiyo ile, ilikuja upesi mno. Mtoto wa mwisho kupelekwa hospitali alirudishwa amefungwa shuka, na kijiji kizima kilikuwa kinalikumbuka hilo.

Mimi ni mzaliwa wa Marodoka, kule kisiwani Nosy Be. Nikiugua utotoni, bibi yangu alimwita mwalimu wa Kurani, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji, nami nikanywa kombe lile mpaka tone la mwisho. Boanamary nako walikunywa. Lakini yale yalikuwa maneno ya Mungu. Nani angedhani chaki ya serikali ingepewa heshima hiyo?

Jumatatu nilikuta banda tupu. Hakuna sauti, hata ya kutwanga. Kwenye mlango wa kwanza palikuwa na sahani ya bati iliyoegemezwa ukutani, ina michirizi ya manjano. Mlango wa pili, sahani nyingine. Nikadhani ni mchuzi. Ya tatu ilikuwa haijaoshwa bado, nikasoma: Chemsha maji. Nikakimbilia nyumbani kwa msuka mikeka.

Mama yule alikuwa ameketi mkekani, mtoto mapajani, kikombe mkononi. Ndani yake mlikuwa na maji mabichi ya kisima, yamegeuka rangi kwa bizari aliyoandikia badala ya zafarani.

"Namnywesha kila akihara," aliniambia, na uso ulimng'aa kidogo. "Nimeandika mwenyewe."

Hasira zilinipanda. Nilimpokonya kikombe, nikamwaga, nikamfokea mbele ya majirani. Kisha nikambeba mwanawe, tukakimbilia boti.

Maji yalikuwa yamekupwa. Boti ilikuwa imekaa kwenye tope jekundu la mto Betsiboka, na mwenye boti akatuonyesha tope hilo kwa kidevu tu. Tukasubiri. Niliogopa kumtazama mtoto na niliogopa kuacha kumtazama. Akaacha kulia. Mama akaanza kumwita jina lake polepole, tena na tena, na hakuitika. Alikata roho maji yakiwa ndiyo kwanza yanarudi.

Mama hakulia pale. Tuliporudi nyumbani kwake alichukua sahani nyingine aliyoiandika asubuhi, ambayo alikuwa bado hajaiosha, akaishika mbele yangu kwa mikono miwili.

"Dada, nilikosea herufi gani?"

Niliisoma yote, moja moja, kwa kuwa aliniomba. Hakukosea hata moja.