Mkulima, Mwenye Shamba na Miembe ya Mama

Kwa wiki nzima nilijiona fundi wa majina. Chama cha wakulima wa maembe kilikuwa kimenipa kazi ya kutengeneza programu ya kupanga malori ya mavuno, nami nikakodi meza kwenye saiba moja ya intaneti mjini Machakos, nikaanza kubatiza kila kitu ndani ya programu. Kulikuwa na mkulima, kulikuwa na mwenye shamba, kulikuwa na mwanachama. Ungeniuliza tofauti yao ningekueleza mpaka chai yako ipoe.

Mwenzangu, dada mmoja aliyefanyia kazi nyumbani kwake Mlolongo, alikuwa akitengeneza upande wa simu. Programu yake ilipaswa kuiuliza yangu: lori likija, tumwarifu nani? Akanipigia.

"Boss, hapa niite nani? Mkulima ama mwenye shamba?"

"Yeyote. Wote wanarudisha namba ile ile ya simu."

"Sasa kama ni kitu moja, mbona majina mawili?"

Nikamwambia asome maelezo. Maelezo yenyewe sikuwa nimeyaandika, lakini nilikuwa na hakika yangekuwa mazuri sana.

Ukweli ni kwamba niliona uvivu. Namba nilizokuwa nazo ni za wenye mashamba tu, kwa hiyo majina yote nikayaelekeza huko. Mimi, Mkamba mzima! Kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata kama umesimama katika shamba la shemeji. Mamangu alipanda miembe yake alipoolewa, mahali alipoonyeshwa na babu. Mashamba yalipogawanywa, kipande kile kikamwangukia ndugu mdogo wa baba. Miti ikabaki ya mama, udongo ukawa wa anko, na hakuna aliyewahi kugombana. Hilo nalijua tangu utotoni; karo yangu yote ilitoka kwenye miti ile.

Siku moja kabla ya lori kwenda kwetu Kalama, programu ikamtumia anko ujumbe: kesho tunavuna maembe yako, jibu ndiyo au hapana. Anko ni mwaminifu kupita kiasi. Akajibu hapana. Nilipompigia baadaye alinishangaa.

"Niko na shamba, maembe sina. Hiyo ni miti ya mamako. Nikubali vitu si zangu?"

Siku ya lori, mama, aliyesikia habari zake kwa majirani, alikuwa amesimama kando ya barabara tangu asubuhi, amejifunga leso mpya. Lori likampita bila hata kupunguza mwendo. Halikuja lingine upande ule wiki hiyo, na maembe yalikuwa yameiva.

Nilibadilisha majina siku hiyo hiyo: mwenye udongo, mwenye miti. Mkulima nikamfuta kabisa, kwa sababu hakuna aliyejua ni nani, mimi nikiwa wa kwanza. Mwenzangu akanitumia neno moja, "Finally," yaani hatimaye, na nilistahili.

Jumamosi nikaenda nyumbani kuomba radhi na, nilivyo mimi, nikaanza kwa kueleza. Mama alikuwa akiokota maembe yaliyoanguka, yaliyooza akiwatupia ng'ombe. Niliona aibu, lakini mdomo haukunyamaza.

"Unaona, mama, programu iliuliza mwenye shamba kwanza."

Akanyooka, mkono kiunoni.

"Mwana wakwa, mwanangu, kwani ni mwenye shamba alikusomesha?"

Nikavua viatu vya mjini, nikainama kuokota.