Maboma Niliyoyahesabu Nikiwa Garini

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya umeme mjini Embu, mhandisi wa wilaya alinipa tepu ya kupimia, panga na buti zilizonibana. Sikulalamika. Mimi mtoto wa wakulima wa majani chai kutoka Meru nilijiona nimefika.

Niliajiriwa kuwa mpima laini, ambaye ndiye huamua nguzo zitapita wapi na transfoma, ile inayopunguza nguvu ya umeme ili uingie nyumbani, itawekwa wapi. Sera ya taifa ilitaka transfoma iende penye nyumba nyingi, kwa hiyo kwetu milimani umeme ulitangulia. Kule Mbeere, watu walioishi jirani na mabwawa ya Tana yanayozalisha umeme waliziona waya nene zikiwapita juu ya vichwa kuelekea Nairobi. Jambo hilo liliniudhi, ila nilikuwa mdogo kazini.

Nilipotumwa huko kupima karibu na zahanati moja, nilihesabu mageti nikiwa ndani ya Landrova, kama kwetu, geti moja nyumba moja. Nyumba hazikutosha kupewa transfoma. Nikaenda kumwarifu sista, muuguzi aliyeiongoza zahanati, kwamba watasubiri.

"Bwana Surveyor, umehesabu nini?" akaniuliza.

"Mageti, sista."

"Aki wewe! Hiyo boma tu hapo iko na wamama watatu na vijana wawili wameoa. Kila mmoja ako na nyumba yake na jiko yake. Chanjo yangu inaharibika na hii joto, na wewe hata hujashuka kwa gari!"

Niliona aibu kweli kweli. Nilirudi kwa miguu, boma kwa boma, nikahesabu majiko. Mhandisi aliposoma fomu mpya alinitazama juu ya miwani.

"Hawa watu walikuwa wapi mara ya kwanza?"

"Walikuwepo, mzee. Mimi ndiye sikuwepo."

Alicheka, akatia sahihi.

Sasa nimestaafu, niko hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu. Laini zimefika mbali kuliko nilivyoota, na nafurahi kuona vijana wakihesabu mapaa ya nyumba katika picha za angani kwenye kompyuta. Ila vijana, shukeni tu garini, muingie ndani ya maboma. Laini ninayojivunia kuliko zote ni ile fupi ya zahanati. Tulipoiwasha, watu walishangilia taa. Saa chache baadaye sista alifungua friji ya chanjo, akaingiza mkono na kuuacha humo.

"Sista, funga, baridi itatoka," nikamwambia.

"Ngoja kwanza," akasema, machozi yakimtoka. "Wacha niisikie."