Gari Lisilo na Kiti cha Mshenga

Jumapili moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyopewa diploma yangu, mjukuu wangu, ilikuwa ya mwaka ule askari walipovunja maduka ya Lubumbashi na Wazungu wakaondoka na masanduku mawili mawili. Naiandika kwa sababu wiki iliyopita nilikuona wewe na wenzako kwenye uwanja wa mbio, mnazungusha magari mpaka moshi wa matairi ukafunika watu, halafu mnapigiana makofi. Nilikuja kukusemesha. Ukanijibu, "Vieux, bile ni bintu bya zamani." Haya, sikiliza hivyo vya zamani, na uweke simu chini.

Mimi si mtu wa kufundishwa gari na kila mpita njia. Nilisoma ufundi wa injini Ubelgiji miaka sita. Serikali haikunituma, wala sikuwa na mjomba waziri. Niliosha sahani za watu mpaka vidole vikababuka, nikatoka na diploma yenye distinction. Unaiona ukutani kila ukija kuomba kitu. Na wakati wenye viza wote walikuwa wanatafuta njia ya kutoka nchini, mimi nilikuwa narudi, tena nikirudi na gari la michezo nyuma yangu, jekundu, la viti viwili, injini mbele, nguvu zote zikienda kwenye magurudumu ya nyuma. Mji mzima haukuwa na jingine kama hilo. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Mafuta yalikuwa yanauzwa kwa chupa pembeni ya barabara, na bomba kubwa la moshi la kiwanda cha shaba lilikuwa limekaa wiki nzima bila kutoa kitu. Lakini nje ya mji Wazungu walikuwa wameacha klabu yao ya ndege, lami nzuri isiyo na mwenyewe. Mimi na vijana wenzangu wenye magari tulipanga mapipa matupu kuonyesha kona, na kila Jumapili baada ya misa tulikimbiza magari pale, moja moja, saa mkononi.

Nilikuwa nataka kumwoa Beatrisi, mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake, Mzee Mwape, alikuwa ameendesha lori miaka thelathini kati ya Lubumbashi na Pweto, akileta samaki wakavu. Sasa, kwetu mtu anayeposa hasemi na baba mkwe. Hiyo ndiyo heshima ya buko, yaani ya ukwe. Neno likitoka kwa mzee linapita kwa mshenga, na jibu linarudi njia hiyo hiyo, hata mkiwa mmekaa chumba kimoja. Mshenga wangu alikuwa Tonton Ilunga, mdogo wa baba yangu, aliyekuwa anauza dawa na hajawahi kushika usukani. Kitenge na mbuzi vilikuwa vimeshafika kwa mzee. Lilibaki jibu tu.

Jibu likaja na sharti. Mzee alisema amesikia nina gari ninalochezea kwa Wazungu, na anataka kukaa ndani yake nikiwa nacheza. Akishuka, ndipo atasema kama ananipa mtoto.

"Tena anasema ivi," Tonton aliniambia, akihesabu kwa vidole asisahau. "Breki ni mbele ya kona, haiko ndani ya kona. Na kama matako ya motokari inaanza kutembea, usitoshe muguu ku mafuta mara moja."

"Tonton, ule muzee anaendeshaka lori ya samaki."

"Njo maana anajua."

"Anajua samaki! Mwambie miye niko ingénieur."

"Nimwambie ile neno, kweli?"

"Mwambie."

Hakumwambia. Mungu ambariki. Alikuwa mshenga mwenye akili kuliko mtu aliyemtuma.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mzee alifika na suti na kofia, akaingia garini magoti yakikaribia kidevu. Beatrisi na Tonton walisimama kando ya lami. Na hapo, mwanangu, nilikuwa nimeshakosa kabla ya kuwasha injini, kosa ambalo kwa mtu wa kabila jingine lisingekuwa kosa. Gari lina viti viwili. Hakuna mahali pa kumweka mshenga. Nilimfungia mzee wa watu ndani ya chuma ambamo hawezi kunisemesha hata akiona kifo kinakuja.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda kwa adabu. Wa pili nikaongeza. Kabla ya kona ya mwisho mzee akakohoa, halafu akagonga mlango kwa kidole mara mbili. Hayo ndiyo maneno yote ambayo buko ilimruhusu. Mimi nilidhani anafurahi! Nikakanyaga.

Mzunguko wa tatu niliingia kona ile mbio, nikashika breki nikiwa tayari nimekata usukani. Matako ya gari yakatembea kwenda kushoto. Nikafanya kile ambacho woga hufanya: nikaondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Unajua kinachotokea, nimekueleza mpaka nimechoka. Uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi, na matairi yanayosukuma gari hayana cha kushika. Tulizunguka mara mbili, tukaangusha mapipa manne, tukasimama kwenye majani tukiangalia tulikotoka.

Mzee alikuwa na damu kidogo juu ya jicho, na kifundo cha mkono wa kuume kilianza kuvimba. Mkono wa dereva. Tonton na Beatrisi walikuja wakikimbia.

Unafikiri nilisema pole? Niliushika mlango nikasema, na wote wakasikia: "Ni matairi. Na lami imelowa. Tena hii motokari haikuzoea kubeba bantu babili."

Tonton akatazama chini. Mzee alitoka taratibu, akaokota kofia yake, akaikung'uta. Halafu akanigeukia, akaniangalia machoni.

"Kijana," akasema, "ni muguu yako."

Beatrisi akageuka na kuanza kutembea kuelekea barabarani. Tonton akafumba macho. Wewe wa leo huwezi kuelewa, na hilo nalo linanikera. Mzee alikuwa amenisemesha moja kwa moja, bila mshenga, kama mtu anavyomsemesha mgeni aliyemkanyaga sokoni. Hakuhitaji kuongeza neno. Kuanzia pale sikuwa mkwe wa mtu. Jumanne yake mbuzi akarudi, na kitenge juu yake, kimekunjwa vilevile tulivyokikunja.

Wiki tatu nilizunguka mji nikieleza watu habari za matairi. Nilichora hata mchoro. Fundi mmoja aliutazama, akasema, "Ni muzuri. Na muguu uko wapi?" Nikamchukia mwaka mzima.

Mji ukazidi kuharibika. Mishahara ilikatika, watu wakawa wanafunga vitu na kurudi kwao. Nikasikia Mzee Mwape anahamishia nyumba yake Pweto, ambako walau samaki wapo, ila mkono haujapona na dereva hapati. Siku hiyo nilivaa shati la kawaida, nikaenda kwake bila Tonton. Sikuwa na ukwe wa kuheshimu tena.

"Papa," nikasema, "ilikuwa muguu yangu."

"Panda," akasema, akionyesha lori.

Lori tupu, mwanangu, na udongo mwekundu uliolowa nyuma ya ghala lake la samaki. Hakuna gari la michezo duniani lenye matako mepesi kama lori tupu kwenye matope. Alasiri yote alinizungusha pale, mkono wake umefungwa kitambaa.

"Unaangalia wapi?"

"Ule ukuta."

"Njo maana unaenda ku ukuta! Angalia kwenye unataka kwenda. Mikono itafwata macho."

Lori likiteleza, alionyesha usukani, "Geuza volani kwenye matako inaenda. Ah, sasa rudisha! Rudisha mbio, itakutupa upande ingine!" Na kila nilipoondoa mguu, "Polepole, ingénieur. Kama unalalisha mutoto mwenye amesinzia."

Kesho yake nilipakia vitanda vyao na kuwaendesha mpaka Pweto. Siku nne za matope. Beatrisi alikaa juu ya mizigo na mama yake, na hakuna aliyepiga kelele hata mara moja. Tulipofika nikashusha kila kitu, nikanawa, nikajikaza.

"Papa, na ile maneno ya Beatrisi?"

"Kuendesha nimekufundisha," akasema. "Mutoto ni mambo ingine."

Akanishukuru kwa mkono wa kushoto, wa kuume ukiwa bado umefungwa, akaingia ndani. Nilirudi Lubumbashi juu ya lori la samaki la mtu mwingine. Mwaka uliofuata nikasikia Beatrisi ameolewa na mwalimu mwenzake. Nimepata mke mzuri baadaye, ni nyanya yako, na anasoma ninayoandika, kwa hiyo naishia hapo.

Basi sikia, kwa sababu sitarudia. Breki zako zimalizike gari likiwa bado limenyooka. Kata kona, halafu rudisha mafuta kidogo kidogo, usukani ukinyooka ndipo mguu uongezeke. Nyuma ikitembea, usishtuke ukaondoa mguu. Ulegeze, geuza usukani upande nyuma inakokwenda, macho yako mahali unapotaka kufika, na urudishe usukani mapema. Mvua ikinyesha, fanya hayo yote kwa nusu ya mbio zako na nusu ya majivuno yako. Diploma yangu ni ya kweli na siikani, lakini nilikuwa nimeletewa somo lote kwenye vidole vya Tonton, nikalikataa kwa sababu lilitoka kwenye lori la samaki. Na ukizunguka, maana siku moja utazunguka, shuka umtazame uliyembeba kabla ya kutazama gari. Mwambie ni mguu wako. Sema palepale, damu haijakauka. Mimi nilisema baada ya wiki tatu, na nilikuwa nimechelewa.

Nenda basi na Jumapili yako. Mungu wa wazee wetu akulinde ukiingia kona na ukitoka, akupe matairi yenye meno na masikio yanayofanya kazi, na atakayekaa kiti cha pembeni ashuke akiwa bado anataka kuwa ndugu yako.